Kabla ya Kupatana, Tujue Kilichotokea

Tangu mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lina shauri mkononi ambalo watu wa mbali wanalifuatilia: shauri la kumtangaza Mwalimu Julius Nyerere kuwa mwenye heri. Lilifunguliwa wakati wa Askofu Justin Samba, na mtoto wa Butiama aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943 akaanza kuitwa Mtumishi wa Mungu. Watu wakilizungumza huuliza habari za miujiza. Kinachonivuta mimi ni jinsi ushahidi wake unavyotafutwa. Kwa taratibu ambazo Kanisa Katoliki linazifuata tangu 1983, askofu haamui kwa mapenzi yake wala kwa sifa za barabarani. Yupo anayeongoza usikilizaji, yupo mtetezi wa haki anayehakikisha maswali magumu hayarukwi, yupo mwandishi anayeyaweka yote kwenye karatasi na kuyathibitisha. Shahidi anaapa. Anaulizwa: hili uliliona kwa macho yako au ulisimuliwa? Kama ulisimuliwa, nani alikusimulia? Maandishi ya mhusika yanasakwa na kusomwa. Wenye la kupinga nao wanatakiwa waitwe wasikike.

Uangalifu wote huo ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufariki, ambaye uamuzi wowote utakaotolewa hautamwachisha kazi, hautamtoa kwenye nyumba wala kumvunjia ndoa. Mtu aliye hai, katika makanisa yetu ya Musoma, Bunda na Butiama, anaweza kupoteza vyote hivyo kwa kikao kimoja cha baada ya ibada. Na mwingine, aliyetenda ovu kweli, anaweza kuvuka kikao hicho hicho akiwa ameshikwa mkono, ameombewa na kurudishwa madhabahuni kabla ya jua kuzama.

Sisemi kwamba makanisa ya Mara hayana nidhamu, au hayana huruma. Yana vyote viwili, tena tele. Wanaotengwa meza ya Bwana wapo, na wanaosamehewa wapo. Kinachokosekana ni hatua ya katikati: kujua kilichotokea. Tunaruka kutoka tuhuma hadi adhabu, au kutoka tuhuma hadi suluhu, na katika mruko huo ukweli unaachwa nyuma bila mtu wa kuuulizia.

Tuseme kwaya inachangishana kununua kinanda. Mhazini ni mama anayeuza dagaa, na kwa kuwa kwaya haina akaunti, michango inatumwa kwenye namba yake ya simu, ile ile anayopokelea fedha za wateja wake wa mwaloni. Siku ya kuhesabu, daftari linaonyesha shilingi 640,000, mkononi ziko 410,000. Anaitwa Jumapili baada ya ibada, bila kuambiwa anaitiwa nini. Anawakuta watu tisa wameketi, na wawili kati yao ndio waliopeleka maneno kwa mchungaji. Anaulizwa, "Mama, fedha za Bwana ziko wapi?" Mama analia. Machozi yanachukuliwa kuwa jibu. Mzee mmoja mwenye moyo mwema anasema tuombe, mwingine anamwambia atubu ili mambo yaishe, naye, akitaka kutoka kwenye chumba kile, anapiga magoti. Jioni mtaa mzima unajua kwamba mhazini ameiba na amekiri.

Katika muda wote huo hakuna aliyeomba taarifa ya miamala ya ile namba, ambayo kampuni ya simu ingeitoa kwa mwenye laini. Hakuna aliyewapitia waliotajwa daftarini kuwauliza kama walituma kweli au waliahidi tu, maana kwenye madaftari mengi ya michango ahadi na taslimu huandikwa kwenye safu moja. Kama mama yule alikula zile 230,000, hakuna anayejua alikula kiasi gani, kwa muda gani, na kama kuna mwenzake. Kama hakula, kanisa limemfanya mwizi na kumlazimisha amwambie Mungu jambo lisilo la kweli. Wazee walifurahi kwamba jambo limekwisha kwa amani.

Desturi hii ina mizizi, na mizizi yake ni ya heshima. Wamishenari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na mwaka 1942 uamsho ulishuka pale, sehemu ya wimbi kubwa lililokuwa limeanzia Rwanda na Uganda. Watu walisimama mbele ya kusanyiko wakayataja makosa yao kwa majina. Wamishenari nao walitubu mbele ya Waafrika kwa kujiona bora, jambo ambalo katika enzi ile ya ukoloni lilikuwa karibu haliwaziki. Watu wa makabila yaliyokuwa hayaaminiani walikula pamoja. Sidhani Kanisa la Mennonite Tanzania lingefika mwaka 1967 kumweka wakfu Zedekia Kisare, askofu wake wa kwanza Mwafrika, bila moyo ule wa uamsho. Hadi leo, katika madhehebu mengi ya mkoa huu, kutembea nuruni ni kipimo cha mtu aliyeokoka.

Lakini toba ya hadharani ilizaliwa kwa ajili ya mtu anayekuja mwenyewe na dhambi zake. Ikigeuzwa kuwa chombo cha kumshughulikia mtu aliyeletwa na wenzake, inabadilika kabisa. Asemaye "nilifanya" anakumbatiwa. Asemaye "sikufanya" anaonekana mkaidi, mwenye moyo mgumu, asiyetaka kuvunjika mbele za Bwana. Kadiri anavyokana ndivyo anavyozidi kuwa na hatia. Asiye na kosa hana pa kusimama katika mpango huo, wala hana maneno ya kusema ambayo hayatamzidishia balaa. Mwenye kosa mjanja, kwa upande wake, anajifunza haraka kwamba maneno matano na machozi mawili yanamfungulia mlango kuliko hesabu yoyote.

Tuna pia misemo miwili inayofanya kazi kubwa katika vikao hivi, na kila mmoja una wateja wake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: kwa msemo huu uvumi unapandishwa cheo kuwa ushahidi. Funika kombe mwanaharamu apite: kwa huu ushahidi unazikwa. Nimeona kwamba unaotumika hutegemea sana nani ametuhumiwa. Akiwa mshirika wa kawaida, mjane, kijana wa kwaya, msichana aliyebeba mimba, lisemwalo lipo. Akiwa mchungaji, padre, katekista au mzee mwenye mashua tatu ziwani na ahadi kubwa kwenye ujenzi wa kanisa, kombe linafunikwa. Ubaguzi huo ndio unaoniuma kuliko yote, maana unatendwa na watu wanaojua vema Biblia inasema nini juu ya kupendelea watu nyuso.

Andiko linaloshikwa kwanza ni Mathayo 18: ukikosewa, nenda kwa ndugu yako ninyi wawili, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia, liambie kanisa. Ni utaratibu wenye busara kwa makosa ya watu wanaoweza kutazamana machoni. Umekopeshana, umesemwa vibaya, umedhulumiwa mpaka wa shamba na jirani unayekaa naye benchi moja: nenda kwake. Shida inaanza pale unapotumika kumwambia binti wa miaka kumi na sita aende peke yake kwa mtu mzima aliyemshika, au kumwambia mfanyakazi wa ofisi ya dayosisi amkabili bosi wake faraghani kabla hajasikilizwa na mtu mwingine.

Wamennonite wenyewe wana somo chungu juu ya hili. John Howard Yoder, Mmarekani, alikuwa mwanateolojia wao maarufu kuliko wote katika karne iliyopita, na kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya siasa za Yesu kilisomwa kote duniani. Alikuwa ameandika pia juu ya Mathayo 18. Kwa miaka mingi wanawake walimlalamikia kwa kuwanyanyasa kingono. Viongozi wa chuo chake walijaribu kumrudi kwa siri, kwa barua na mazungumzo ya faragha, naye akashikilia kwamba kwa mujibu wa andiko hilo wanaomtuhumu wamfuate yeye kwanza. Aliondolewa chuoni mwaka 1984 kimyakimya, akaendelea kufundisha kwingine. Ni mwaka 1992 tu, magazeti yalipoandika, ndipo kanisa lake lilipoanza kumchukulia hatua rasmi, nazo zikaishia mwaka 1996 kwa kumtia moyo arudi kwenye kazi yake. Alifariki 1997. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanawake walioathirika walizidi mia moja. Watu waliotaka upatanisho kabla ya ukweli walikuwa wema, wasomi, wapenda amani. Wema wao ulimpa miaka zaidi.

Sharti la mashahidi wawili nalo husomwa nusu. Paulo anamwambia Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu, na wachungaji wengi huishia hapo. Mstari unaofuata unaagiza wanaotenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Na mashahidi wawili peke yao hawatoshi kuleta haki. Shamba la Nabothi lilichukuliwa kwa utaratibu uliokamilika: kikao kiliitishwa, mfungo ukatangazwa, mashahidi wawili wakaketishwa mbele yake, hukumu ikatolewa. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa ukweli, kwa sababu mashahidi walikuwa wa mtu aliyelitaka shamba. Kwa upande wa pili, Torati hiyo hiyo inayodai mashahidi wawili inamtaja, katika Kumbukumbu la Torati 22, msichana aliyekamatwa shambani, akalia na asiwepo wa kumwokoa. Huyo hana shahidi hata mmoja, na sheria haimwambii akamtafute. Inamwamini. Mwenye kuandika sheria ile alijua kwamba kuna maovu ambayo mtendaji wake huchagua mahali pasipo na mtu, na kwamba kudai shahidi wa pili hapo ni kumlipa mtendaji kwa uhodari wake wa kujificha.

Wakatoliki wana pia, katika kitabu cha Danieli, kisa cha Susana, ambacho ningependa kila halmashauri ya walei ikisome kabla ya kuketi. Wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamsingizia mwanamke uzinzi. Kusanyiko linaamini, maana ni wazee. Danieli kijana hatoi hotuba juu ya huruma. Anawatenganisha wale wawili na kumuuliza kila mmoja peke yake jambo dogo: uliwaona chini ya mti gani? Majibu yanapishana, na roho ya mtu inaokoka. Swali dogo, liulizwalo kila shahidi mbali na mwenzake, ndilo jambo ambalo vikao vyetu havifanyi. Sisi tunawaweka wote chumba kimoja, wa kwanza anasimulia, wa pili anasema "kama alivyotangulia kusema mwenzangu", na karani anaandika kwamba mashahidi wamekubaliana.

Yapo pia maneno yanayotumika kuzima kila swali: usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Huegemezwa kwenye habari ya Daudi na Sauli pangoni, na nashangaa ni mara ngapi yanatajwa na watu ambao hawajaisoma sura yote. Daudi alikataa kumuua Sauli. Hakukataa kumtaja. Alitoka pangoni akapaza sauti mbele ya majeshi, akashika juu kipande cha vazi alichokikata, akamwonyesha mfalme ushahidi kwamba amedhulumiwa, akamwita Mungu aamue kati yao. Hapo pana mpakwa mafuta anayeshtakiwa hadharani, kwa heshima, na kielelezo mkononi.

Kuna eneo moja ambalo kanisa halina mamlaka ya kulifikiria mara mbili. Mtoto akidhuriwa, jambo hilo si la halmashauri ya usharika kuliamua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Maana yake ni afisa ustawi wa jamii, na kwa kosa la jinai ni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, ambako hutolewa fomu ya PF3 ili mtoto akapimwe na kutibiwa hospitali. Saa za mwanzo ni za thamani: ushahidi wa mwilini hupotea na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake, saa sabini na mbili. Mchungaji anayesema "tusubiri kikao cha Jumamosi" ameshaamua kesi bila kujua.

Katika mkoa wetu kuna hatari nyingine, ya kumalizana. Familia ya mtuhumiwa inatuma wazee, ng'ombe wanatajwa, baba wa msichana anaelewa lugha hiyo, na mara nyingi mtu anayeombwa awe mshenga wa mapatano ni mzee wa kanisa, kwa kuwa anaheshimika pande zote. Nasema bila kuuma maneno: mzee wa kanisa anayeketi kwenye mapatano hayo anashiriki uovu. Makanisa haya haya yamesimama kidete kuwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji, na mkoa wa Mara una nyumba salama zilizoanzishwa kwa msukumo wa watu wa imani. Ujasiri ule ule uliotumika dhidi ya mangariba hautakiwi kuisha mtuhumiwa anapokuwa mwalimu wa shule ya Jumapili.

Wala kanisa lisimhoji mtoto mara tatu mbele ya wazee wanaume sita ili "kuhakikisha" kabla ya kwenda polisi. Kila kuhoji upya humuumiza, na mahakamani wakili atauliza kwa nini maelezo ya pili yalitofautiana na ya kwanza. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127, inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Ushahidi huo ni mali ya thamani, na kikao cha kanisa kinaweza kuuharibu kwa nia njema. Kazi ya kanisa pale ni kusikiliza kwa muda wa kutosha kujua kwamba kuna jambo, kuandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na kumsindikiza.

Ipo na aina ya tuhuma ambayo kanisa linapaswa kukataa hata kuisikiliza: uchawi. Katika Kanda hii ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho yao. Sheria ya Uchawi inamhesabu kuwa mkosaji anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na hilo haliondoki kwa sababu jina limetajwa katika maombi ya usiku na mtu aliyesema amefunuliwa. Tuhuma isiyoweza kujibiwa kwa ushahidi wowote ni hukumu tayari. Mchungaji anayeruhusu majina yatajwe kwenye mkesha anapaswa kujua kwamba baadhi ya wanaosikia wana mapanga nyumbani.

Nirudi kwa mengine, yale yaliyo ya kanisa kweli: fedha, mali, uzinzi, ulevi, matumizi mabaya ya ofisi. Hapa swali kubwa ni nani anasikiliza. Tanzania imeona mifano mikubwa katika miaka ya karibuni. Januari 2017 Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana, Jacob Chimeledya, alitangaza kumwondoa Askofu Valentino Mokiwa wa Dayosisi ya Dar es Salaam baada ya waumini kupeleka malalamiko juu ya usimamizi wa mali za dayosisi. Askofu Mokiwa hakuukubali uamuzi. Mabishano yakahama: watu wakaacha kuuliza kama yaliyodaiwa yalitendeka, wakawa wanabishana kama aliyeamua alikuwa na mamlaka ya kuamua. Machi 2022 mkutano mkuu maalumu wa Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ulipiga kura ya kutokuwa na imani na Askofu Edward Mwaikali, katikati ya mgogoro wa kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini. Kura inaweza kuamua nani aongoze. Haiwezi kuamua kilichotokea, na watu wakichanganya mambo hayo mawili, walioshindwa kura huondoka wakiamini wamedhulumiwa, hata kama hawakudhulumiwa.

Kisa cha usharika wa KKKT wa Kijitonyama, Dar es Salaam, kinafundisha jambo lingine. Januari 2023 Mchungaji Eliona Kimaro alipewa likizo ya siku 60. Sababu hazikuwekwa wazi. Waumini wakajaa kanisani wakidai arudishwe, na mitandaoni kila mtu akawa na sababu yake, nyingine za kumchafua mchungaji, nyingine za kuichafua dayosisi. Likizo ya kupisha uchunguzi, kama ndiyo inayokusudiwa mahali popote, ni jambo la haki. Ila ikitolewa bila sentensi mbili za maelezo, uvumi utaandika maelezo hayo kwa niaba ya kanisa. Si lazima kusema mtu ametuhumiwa nini. Inatosha kusema kwamba kuna malalamiko, yamepokelewa, watu fulani wanayachunguza, mhusika anahesabika hana hatia, na majibu yatatolewa ifikapo tarehe fulani.

Ukitazama taratibu zilizoandikwa, makanisa hayako maskini. Waadventista, walio wengi kuanzia Majita hadi Busegwe, wana mwongozo wa dunia nzima unaosema baraza la kanisa haliwezi kumfuta mshiriki. Ni washiriki wenyewe wanaoweza, katika mkutano ulioitishwa ipasavyo, na mhusika lazima aarifiwe mapema, ajitetee, alete ushahidi na mashahidi wake. Karipio lina muda wake, kuanzia mwezi mmoja hadi kumi na miwili, na hakuna anayefutwa kwa sababu ya kutotoa fedha. Wakatoliki wana kanuni inayomtaka askofu, anapochunguza tuhuma, alinde jina la mtu yeyote lisiharibiwe. Marekebisho ya mwaka 2021 ya sheria za Kanisa hilo yaliandika wazi kwamba mtu anahesabika hana hatia hadi ithibitike vinginevyo. Na maagizo ya Papa Fransisko ya 2019 yanataka kila jimbo liwe na mahali panapofikika kirahisi pa kupeleka malalamiko, na yanakataza kumlazimisha anayelalamika anyamaze. Katiba ya nchi, ibara ya 13, inataja haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa. Karatasi zipo. Lakini waulize waumini kumi wakitoka ibadani Nyamuswa au Mugango malalamiko juu ya kiongozi wao yanapelekwa kwa nani, kwa jina na namba ya simu, uone wangapi watajibu.

Ugumu wetu mahususi ni udogo. Kwenye usharika wa vijijini, mwenyekiti wa kikao ni shemeji wa mtuhumiwa, karani alisimamia ndoa ya mlalamikaji, na mchungaji anakaa kwenye nyumba iliyojengwa na mmoja wao. Hata watu wanyofu hawawezi kuamua vizuri hapo, na si haki kuwatwika mzigo huo. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: watu watatu kutoka nje, angalau mmoja mwanamke, mmoja anayejua hesabu au sheria. Hakimu mstaafu, muuguzi, mwalimu mkuu wa zamani. Musoma mjini wamejaa, tena wengine wanasali madhehebu tofauti, jambo ambalo hapa ni faida. Nauli ya daladala kutoka Musoma hadi Butiama ni ndogo kuliko gharama ya usharika kugawanyika.

Chicago ilionyesha jinsi hili linavyoweza kumsaidia hata mtuhumiwa. Mwaka 1992 Kardinali Joseph Bernardin, askofu mkuu Mkatoliki wa mji huo wa Marekani, aliunda bodi ya kuchunguza tuhuma dhidi ya mapadre, yenye walei ndani yake. Novemba 1993 akatuhumiwa yeye mwenyewe na mwanamume mmoja. Angeweza kujificha nyuma ya cheo. Alikana mbele ya waandishi wa habari, na tuhuma ikapelekwa kwa bodi ile ile aliyoiunda. Februari 1994 aliyemtuhumu aliondoa madai, akisema hawezi kuiamini tena kumbukumbu yake, na baadaye mwaka huo wawili hao walikutana wakapatana. Ukweli ulitangulia, na kupatana kwao kukaaminika kwa sababu hiyo. Yoder na Bernardin waliishi enzi moja, katika majimbo jirani ya Marekani. Mmoja alikataa kuchunguzwa na mwenzake akajipeleka.

Mambo ya uchumi nayo yasisahauliwe, maana ndiyo yanayofanya watu waongope. Mchungaji akisimamishwa leo hupoteza posho, na mkewe na watoto huambiwa waiache nyumba ya kanisa. Kwa hiyo wanaomhurumia huficha tuhuma kwa ajili ya watoto. Kusimamishwa kwa uchunguzi kukiambatana na posho na nyumba hadi majibu yatoke, sababu kubwa ya kuficha inaondoka. Vivyo hivyo anayelalamika asipoteze ajira yake katika shule au zahanati ya kanisa wakati anasubiri.

Ukweli ukishajulikana, msamaha una nafasi yake yote, tena hapo ndipo unapokuwa na kitu cha kusamehe. Aliyeiba anaweza kusamehewa na kurejeshwa meza ya Bwana, na asikabidhiwe tena daftari la sadaka. Aliyemdhuru mtoto anaweza kutubu kwa machozi ya kweli akiwa gereza la Musoma, na asifundishe watoto tena maisha yake yote. Ofisi kanisani haikuwa haki yake hata kabla hajakosa.

Aliyeonekana hana kosa, hilo litangazwe katika ibada ile ile, na kinywa kile kile kilichotangaza kusimamishwa kwake, kwa maneno yaliyoandikwa: tuhuma ilichunguzwa na watu hawa, kwa njia hii, na haikuthibitika. Kisha apewe nakala yenye mhuri. Atakapohamia Bunda au Mwanza, barua yake ya kuhama iseme hivyo, kwa sababu maneno yatakuwa yamemtangulia. Na aliyethibitika kukosa, barua yake nayo iseme, kwa ufupi na bila matusi, alipatikana na kosa gani na haruhusiwi kushika kazi ipi. Usharika unaompokea ukiwa na watoto wa kipaimara wanaosubiri mwalimu, una haki ya kuisoma kabla hajafika.